Matairi ya Kumvuka Mama Mkwe

Katika kijiji cha Cwmllech watu hawaulizani kama mvua itanyesha. Huulizana itakoma lini. Jumamosi ile ya mwisho wa Mei ilikoma wakati wa kifungua kinywa, baada ya kuyapiga mapaa tangu jana yake mchana. Nerys Prytherch alipoufungua mlango wa kibanda kilichokuwa nyuma ya nyumba yao, maji yalikuwa bado yakitiririka katika mifereji ya paa ambayo yeye mwenyewe aliifunga. Baiskeli yake ilikuwa imepinduliwa, imesimamia kiti na usukani, rimu zake zikiwa tupu. Juu ya meza ya kazi, kwenye gazeti safi, palikuwa na matairi mawili mapya ambayo hakuyanunua yeye.

Yalikuwa matairi ya matope, mapana na mazito, yenye kashata, yale meno ya mpira, ndefu na zilizoachana kama vidole vya mtoto anayeomba abebwe. Nerys alilishika moja, akalipima kwa mkono, akalirudisha mahali pake taratibu kana kwamba lingevunjika.

Baba yake, Idwal, aliingia akiwa na vikombe viwili vya chai. Alitembea kwa kuinamia upande mmoja, kama mlango ulioachwa na bawaba.

"Umeyaona?"

"Nimeyaona, Baba."

"Unasemaje?"

"Mazuri."

"Mazuri tu? Hayo nimeyaagiza tangu Pasaka! Mwenye duka akaniuliza nina trekta au nina baiskeli. Nikamwambia nina binti."

Nerys alicheka, maana kicheko hicho kilikuwa haki ya mzee, lakini hakuyagusa tena yale matairi. Alikuwa ameamka na uamuzi wake tayari, na uamuzi huo haukuwa na kashata ndefu.

Siku hiyo ilikuwa siku ya Mteremko. Kila mwaka, Jumamosi ya mwisho ya Mei, waendesha baiskeli wa Cwmllech hushuka mmoja mmoja kutoka msituni hadi uwanja wa kijiji. Huanza kwenye miti, ambako wamechimba kwa mikono yao matuta matatu ya udongo wa mfinyanzi ya kurukia; hutoka kwa lango la malisho ya kondoo; huingia kichochoro kilichotandikwa mawe ya vigae, mawe yaleyale ya kijivu yaliyochimbwa mlimani na kuezekewa nusu ya nchi; hushuka ngazi za kanisa; kisha huzunguka birika la zamani la kunyweshea farasi na kusimama. Hakuna anayeshika saa. Sheria ni mbili tu: mguu usiguse chini, na mdomo wa tuta usiumie.

Mdomo ndio ukingo wa juu ambako gurudumu huiaga ardhi, na ndio roho ya tuta. Wachimbaji huupigapiga kwa mgongo wa beleshi majira yote ya baridi hadi ung'ae kama chungu kilichochomwa. Anayeumega, hata angekuwa nani, huiacha baiskeli yake, hupanda tena mlima na kuutengeneza kabla mwingine hajapita. Katika wale waliozitunza sheria zote mbili, aliyeruka vizuri zaidi hukabidhiwa Beleshi, nalo ni beleshi kuukuu lenye mpini uliolainishwa na viganja vya watu wengi. Asipopatikana hata mmoja, Beleshi hubaki kwa aliye nalo. Na aliye nalo ndiye mwenye neno la mwisho, mwaka mzima, kuhusu tuta lipi lijengwe na lipi libomolewe.

Kwa miaka mitatu Beleshi lilikuwa mikononi mwa Gethin Maddock, naye majira hayo ya kuchipua, akiwa dukani kwa samaki na chipsi, alitangaza na huku kinywa kimejaa kwamba Novemba atambomoa Mama Mkwe.

Mama Mkwe lilikuwa tuta la tatu, kubwa kuliko yote, na mjenzi wake alikuwa Idwal. Alilijenga peke yake katika majira ya baridi yaliyotangulia kuzaliwa kwa Nerys, akaliita hivyo kwa sababu, kwa maneno yake, lilikutupa nje hata kabla hujamaliza kusalimu. Mama mkwe wake halisi alipopata habari alipanda mlima kwa miguu, akalitazama tuta kutoka pande zote, akasema kwamba kufanana wanafanana, ila yeye ni imara zaidi. Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kulibadilisha jina. Lakini mgongo wa Idwal, uliobeba mawe ya mapaa kwa miaka yake yote ya nguvu, ulikuwa umemkatalia nyundo, kisha beleshi, na sasa hata kikapu cha kuni. Kilichobaki juu ya ardhi kikiwa na alama ya mikono yake ni mapaa ya watu wengine na lile tuta moja. Mapaa hayo watu hawaambizani nani aliyaezeka. Tuta wanalijua.

Nerys alitaka Beleshi kwa ajili hiyo, wala hakuwa na sababu nyingine.

"Baba," alisema, "matuta yamefunikwa."

"Yamefunikwa na nini?"

"Na turubai. Tuliyafunika sisi wote jana kabla mvua haijaanza. Wewe ndiye uliyekuwa unatupigia kelele tukaze kamba."

"Na lango je? Lango la kondoo nalo mmelifunika turubai?"

Hapo alikuwa amenena. Pale langoni, kondoo walikuwa wamepakanyaga pakawa kama uji.

"Langoni nitapita."

"Utapita na nini? Na maombi?"

"Baba, matope yale ni ya kuvuka kwa pumzi moja. Kuanzia pale hadi birikani ni jiwe tupu, na jiwe limelowa."

"Sasa si ndiyo maana unataka kashata ndefu! Mvua, meno. Mimi nimeendesha hapa kabla hujazaliwa. Mvua, meno! Nani asiyejua?"

Kwa kweli hapakuwa na asiyejua. Katika bonde lile mtoto hujifunza maneno hayo mawili pamoja na jina la mtaa wake, kwa kuwa njia za milimani ni za tope, mizizi na majani yaliyooza, na huko tairi lisilo na meno ni ahadi ya jino kuvunjika. Nerys alikunywa chai yake kidogo kabla hajajibu.

"Tulipoezeka kanisa, siku yangu ya kwanza juu ya paa, nilipanda na viatu gani?"

Idwal aliangalia nje.

"Viatu vya mlima," alisema hatimaye. "Vya meno."

"Ukanifanya nini?"

"Nikakushusha."

"Ulinishusha mbele ya mchungaji na kwaya nzima. Ukasema nini?"

"Nilisema mengi siku ile, na mengine hayakufaa kusemwa kanisani."

"Ulisema jiwe lililolowa linataka kukumbatiwa, halitaki kung'atwa. Ukanipa raba zako laini, zilinizidi mguu, nikashinda nazo juu hadi jioni. Sijateleza mpaka leo."

Mzee aliigusa kashata moja ya tairi jipya, akaipinda kwa kidole gumba, akaiachia irudi.

"Paa si baiskeli, mwanangu," alisema. Akakiweka kikombe chake mezani kikiwa bado kimejaa, akatoka. Mlango hakuubamiza. Angeubamiza, Nerys angeona nafuu.

Alikaa kidogo akisikiliza mifereji. Kisha alilikunja lile gazeti juu ya yale matairi mapya, akayatundika kwenye msumari wa juu ambako vumbi halingeyafikia, akaanza kazi.

Yeye mwenyewe alikuwa na jozi mbili. Ya kwanza ilikuwa karibu kipara, yenye mikwaruzo myembamba tu, nayo aliitumia mjini kwenye kuta na ngazi jioni za kazi. Ilikimbia kama maneno ya mdaku. Ya pili ilikuwa na kashata fupi zilizosongamana kama punje za gunzi la mahindi, na mpira wake ulikuwa laini kiasi kwamba ukucha uliacha alama. Laini hudumu kidogo. Nerys alikuwa ameitunza jozi hiyo gizani ndani ya mfuko tangu majira ya joto yaliyopita.

Alijaza ndoo maji, akaimwaga juu ya jiwe la kizingiti, jiwe lililotoka machimbo yaleyale yaliyotoa mawe ya ngazi za kanisa. Akalikandamiza kila tairi juu yake kwa viganja vyote viwili na kulisukuma kando. Kipara kilishika, kikashika, kisha kikaachia ghafla bila onyo. Punje za mahindi zilishika, zikalalamika, zikaachia polepole kama mtu anayeaga. Mwishowe, kwa haki, alilishusha tairi moja la baba yake kutoka msumarini na kulijaribu nalo. Vidole vile virefu vilipinda chini ya mkono wake, vikasimama juu ya ncha zao, na tairi zima likaenda zake kama ng'ombe juu ya barafu. Alilifuta maji na kulirudisha.

Basi mbele alifunga punje za mahindi, kwa sababu tairi la mbele ndilo linaloamua utaelekea wapi, nalo likiteleza hupati nafasi ya kutubu. Nyuma alifunga kipara, kwa sababu tairi la nyuma hubeba mwendo, na Mama Mkwe hamvuki mtu aliyekuja polepole. Zaidi ya hayo, hakuna kati ya hayo mawili ambalo lingeung'ata mdomo wa tuta. Upepo wa nyuma aliujaza hadi tairi likalia kama ngoma alipoligonga. Wa mbele aliujaza vilevile, kisha akabonyeza sindano ya valvu na kuupunguza kidogo kidogo, huku akiitazama geji. Ukizidi, mpira unadunda juu ya jiwe, na ukipungua mno, rimu inaubana mpira wa ndani wakati wa kutua na kuutoboa. Aliacha alipoona panatosha, akavaa kofia yake ngumu, akapanda mlima.

Msituni walikuwa wamekwisha kukusanyika, na kila gurudumu pale lilikuwa limevaa meno. Gethin Maddock, mrefu, mwenye ndevu za kufikia kifua, alikuwa ameegemea mti na Beleshi begani.

"Fundi Nerys!" aliita. "Hilo tairi la nyuma limenyolewa na kinyozi gani?"

"Yuleyule aliyekusahau wewe."

Watu waliangua kicheko. Gethin alizishika ndevu zake kama mtu aliyetukaniwa ukoo.

"Cheka, cheka. Mvua ya usiku kucha, wewe unakuja na kipara! Unaenda harusini?"

"Naenda kwa Mama Mkwe. Mtu haendi kwa mama mkwe na viatu vya shamba."

"Nyamazeni nyote!" alisema Olwen. Huyu ndiye mwenye duka la samaki na chipsi, na ndiye aliyechimba tuta la kwanza pamoja na Idwal walipokuwa vijana. Sasa alikuwa mwamuzi, na sauti yake ilikuwa imekomazwa na kuita wateja juu ya mvumo wa mafuta. "Anayetaka kuropoka akaropoke kwa kondoo. Gethin, acha kuegemea mti wangu. Toeni turubai."

Walizishika pembe, wakavuta. Maji yaliyokuwa yametuama yalimwagikia kwenye majani, turubai la tatu likainuka kutoka juu ya Mama Mkwe, na chini yake upepo ukapeperusha vumbi.

Lilikuwa vumbi kidogo tu, jepesi, la rangi ya biskuti. Lakini kila mtu aliliona. Wale ambao jana yake walikuwa wameyafunika matuta yale kwa mikono yao, wakakaza kamba huku Idwal akiwapigia kelele, walisimama wakayatazama magurudumu yao. Mmoja alikohoa. Wakati wa kubadilisha ulikuwa umepita.

Idwal alikuwa amesimama kando ya Mama Mkwe, akiegemea fimbo yake ya kutembelea. Alilitazama vumbi, kisha akatazama mbali.

Kura zilipigwa ndani ya kikombe cha Olwen. Gethin aliangukia nafasi ya pili kutoka mwisho. Nerys ya mwisho. Hivyo alisimama juu, kwenye miti, akawaangalia wenzake wakienda. Asiyeumega mdomo wa tuta alizidiwa na uzito wa meno yake, akamfikia Mama Mkwe kwa mwendo wa mgonjwa na kutua kwenye shimo lililo kati ya mdomo na mteremko wa kutua. Waliofika kichochoroni walipotea machoni pa Nerys, na habari zao zilipanda mlima kwa kelele, kutoka kwa mtu wa ngazini hadi kwa mtu wa langoni hadi msituni, na kelele zilikuwa zilezile: "Mguu! Mguu chini!" Kila baada ya mpandaji mmoja palisikika mabeleshi yakipigapiga.

Zamu ya Gethin ilipofika, hakuna aliyecheka. Alikuwa mwendeshaji kweli. Alishuka akiwa amesimama juu ya kanyagio, akayameza matuta mawili ya kwanza kama mtu anayekunywa maji, akampandia Mama Mkwe kwa nguvu zake zote, na palepale mdomoni Nerys alisikia sauti kama ya kitambaa kinachochanwa. Gethin aliruka juu kuliko wote waliotangulia, juu kiasi kwamba anga lilionekana chini ya magurudumu yake, akatua vizuri, akalipita tope la langoni kama halipo. Nyuma yake pande la udongo uliokauka liliviringika hadi miguuni mwa Idwal. Kelele zikapanda kutoka ngazini: "Tairi la mbele! Mguu! Mguu chini!"

Alirudi akikwea kwa miguu, akihema, goti lake likiwa limechunika. Alichukua ndoo ya udongo mkavu, akaunyunyizia maji kidogo, akaanza kuujaza mdomo aliouvunja.

"Usipige kama unaua nyoka," alisema Idwal.

"Napiga taratibu, mzee."

"Unapiga kama unaua nyoka taratibu. Lalia beleshi. Mgongo wa beleshi, siyo ukingo. Haya. Tena. Mbona upande huo umeuachia tumbo?"

"Mzee Idwal, hili tuta nalibomoa Novemba."

"Leo ni Mei," alisema Idwal. "Lalia beleshi."

Nerys alikuwa ameteremka kuja kuangalia. Gethin angeweza kuuacha mdomo ule ukiwa laini katikati, na asingejua mtu hadi gurudumu lizame. Lakini hakufanya hivyo, wala Nerys hakufikiri kwamba angefanya. Aliupiga, akaunyunyizia, akaufuta kwa kiganja, akaupiga tena hadi ukang'aa, kisha akainuka.

"Nimeutengeneza sawasawa," alimwambia. "Usije ukasema nimekutegea."

"Najua."

"Lakini ni mbichi bado. Ukiugusa kwa meno..." Alilitazama tairi la Nerys la nyuma, kisha la mbele, akainama hata akalibonyeza kwa kidole. "Ala," alisema polepole. "Kumbe."

"Shuka ukangoje birikani," alisema Nerys.

Baba yake alimtazama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Upepo?"

"Mbele nimepunguza kidogo. Nyuma nimejaza."

"Usishike breki mdomoni."

"Nani alinifundisha?"

Mzee alitikisa kichwa kuelekea juu, yaani nenda.

Alipanda hadi kwenye miti, akaigeuza baiskeli, akaivuta pumzi yenye harufu ya misonobari iliyolowa. Kisha akajiachia.

Hakuwa amekisia mwendo ule. Juu ya udongo mkavu uliopigwa majira yote ya baridi, lile tairi la nyuma lilikimbia bila sauti, kana kwamba mlima ulikuwa umeongezewa mwinamo. Tuta la kwanza lilimjia mapema, akaliinamia, akalipita. La pili likamjia mapema zaidi. Alipotua, alijua kwamba anakwenda kwa Mama Mkwe akiwa na kasi ambayo hajawahi kwenda nayo, ya kuweza kumrusha ng'ambo ya mteremko wa kutua hadi kwenye mashina ya miti, na kidole chake kikaigusa breki.

Kuishika kungekuwa kuburuza gurudumu juu ya udongo mbichi wa Gethin. Kidole kikatoka.

Alilegeza magoti. Mama Mkwe alipoinuka mbele yake, mwinuko kama ukuta, Nerys hakumsukuma. Aliikunja miguu yake na kuipokea nguvu ile yote ndani ya mapaja, kama fundi anavyodaka jiwe alilorushiwa kutoka chini, asilipinge bali alifuate linakokwenda. Mdomo ulipita chini yake bila mtikiso. Halafu pakawa kimya. Aliona kofia ya baba yake ikipita chini, upande wa kulia, na uso ukiinuka kuifuata baiskeli. Akanyoosha mikono, akaitafuta ardhi kwa gurudumu la mbele, na ardhi ikawa pale ilipotakiwa kuwa.

Langoni alipata alichoahidiwa. Tope lilikinyakua kipara cha nyuma na kukitupa kushoto, na baiskeli nzima ikalala kama mlevi anayetaka kunong'ona jambo. Goti lake lilitoka nje, soli ikashuka hadi karibu na uji ule. Mtu wa langoni alikwisha kuivuta pumzi ya kupigia kelele. Lakini punje za mahindi za mbele zilikuwa bado zimeshika. Nerys aliuelekeza usukani kule mkia ulikokwenda, asikanyage, asishike kitu, akangoja. Mkia ulirudi. Mguu ukarudi kanyagioni ukiwa mkavu.

Kisha kichochoro, na jiwe. Lililowa, liling'aa, lilikuwa na rangi ya njiwa, nalo Nerys alilijua kama mtu anavyozijua ngazi za kwao gizani. Alizisikia kashata fupi zikilalama chini yake, na lalamiko hilo lilimfurahisha, maana kinacholalamika bado kimeshika. Ngazi za kanisa alizishuka akiwa amesimama, akiiacha baiskeli ipige kila kidato, tak, tak, tak, bila haraka. Juu yake lilikuwa paa alilolipanda akiwa na raba zilizomzidi mguu. Akaingia uwanjani, akaliinamia birika la farasi hadi kiwiko kikakaribia ukingo, akalizunguka, akasimama.

Alisimama akiwa juu ya kanyagio, magurudumu yametulia. Alitaka kila mtu aione miguu yake kabla hajaishusha.

Uwanja ulipiga kelele. Lakini Olwen, aliyekuwa msituni, hakuwa amesema neno lake, na hukumu ya mdomo ilikuwa yake. Walingoja. Gethin aliketi kwenye ukingo wa birika, Beleshi kati ya magoti yake, akilichunguza tairi la mbele la Nerys bila kuficha tena. Kitambo kikapita. Hatimaye Olwen alitokeza kwenye kichochoro, akishuka polepole, na nyuma yake Idwal akiwa ameshikwa kwapa na vijana wawili.

"Kaanguka?" Nerys aliuliza, akaitupa baiskeli.

"Aanguke wapi!" alisema Olwen. "Amepiga magoti kwenye tuta, na mgongo ule! Anataka kuukagua mdomo mwenyewe, hamwamini mtu. Kuinama aliinama, kuinuka hakuweza. Tumemng'oa kama kisiki."

"Na mdomo?"

Olwen alimgeukia mzee. Idwal alijiondoa mikononi mwa wale vijana, akajisimamisha wima kadiri alivyoweza, suruali yake ikiwa na udongo magotini.

"Kuna alama," alisema kwa sauti ya kusikika uwanja mzima. "Nyembamba. Kama mtu kapitisha utepe." Akamgeukia binti yake. "Hakuna punje iliyotoka."

Gethin aliinuka. Alilishika Beleshi kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa, akalitoa.

"Shika, dada. Zito kuliko linavyoonekana."

"Najua. Mpini huo nimeutia mafuta mimi."

"Basi sema, mwenye neno. Novemba tunabomoa nini?"

"Hatubomoi kitu. Mama Mkwe anakaa." Nerys alilisimamisha Beleshi chini, akaliegemea. "Na wewe ujenge lako kubwa pembeni, kule kwenye mwanya wa miti. Mwite jina la mama mkwe wako."

"Sina mama mkwe."

"Ndiyo maana hujui kujenga," alisema Idwal, na hata kondoo, kama wangekuwa karibu, wangecheka.

Jioni duka la Olwen lilifurika hadi madirisha yakatoka jasho. Nerys alipata nafasi kwenye pembe, karibu na mlango, chipsi zake zikiwa zimefungwa kwenye karatasi na siki ikimwingia puani, Beleshi limeegemezwa ukutani kando yake. Mbele, kwenye kaunta, baba yake alikuwa ameketishwa kwenye kiti pekee cha mle ndani, na watu wamemzunguka.

"Sikilizeni," alikuwa akisema, na kipande cha samaki kikiwa mkononi kama chaki. "Watu wa bonde hili mna neno moja tu: mvua, meno. Mvua, meno! Nani kawaambia? Jiwe lililolowa halitaki kung'atwa. Linataka kukumbatiwa. Mbele unaweka mpira laini, kashata fupi zilizosongamana, nyuma, kipara. Upepo wa mbele unapunguza kidogo. Kidogo! Siyo mpaka rimu ianze kulia."

"Na wewe umeyajua lini haya, Idwal?" Olwen aliuliza, akitikisa wavu wa chipsi juu ya mafuta.

"Nyumbani kwetu," alisema Idwal bila kupepesa, "ni mambo ya siku zote."

Macho yake yalivuka vichwa vya watu, yakamkuta Nerys pale pembeni. Yalikaa juu yake kitambo, mekundu kidogo kwa moshi wa mafuta au kwa jambo jingine. Nerys hakumsahihisha. Alichukua chipsi moja, akaitafuna polepole, akaegemeza bega lake kwenye mpini wa Beleshi, akamsikiliza baba yake akifundisha.